Sifa Zimwendee Mpiga Hesabu

Simba wa Serengeti hahitaji sifa zangu, ana watalii. Sangara ana wanunuzi, na mgombea ubunge ana gari lenye spika mbili juu. Mimi nimesimama kumsemea yule ambaye akionekana tu anapanda kutoka mwaloni, waliokaa kwenye bao hukumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawajanyweshwa. Namsemea mpiga hesabu, mtu ambaye haji kucheza bao. Anakuja kushinda.

Mnamjua. Kuanzia Kiriba hadi Bunda mjini hakuna mwembe usio na wake. Sisi wengine tunakaa kwenye bao ili jua lipite, tutaniane, tusikie nani kaoza binti na bei ya dagaa imefika wapi. Yeye hana habari na harusi ya mtu. Salamu yako ataijibu akishamaliza kuteka, na akiijibu ujue umekwisha: amepata nafasi ya kuwa na adabu.

Nianze na elimu yake, maana watu humdharau wakidhani ni bahati. Bao lenye nyumba lina mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja ana 32 zake: 10 zinakaa ubaoni, 22 zinabaki za kunamua, yaani kuingizwa ubaoni moja moja. Mimi nikiona nyumba yangu, lile shimo la akiba, imejaa naona utajiri, natamani hata kumwita mke wangu aje atazame. Mpiga hesabu akiitazama nyumba hiyohiyo anaona safari: kete zitapita wapi, zitateka nini, zitaanzia kichwa kipi, na ya mwisho italala shimo gani. Mkono wake huja baadaye, kutekeleza hukumu iliyokwisha kutolewa. Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, aliwachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar miaka ya 1990, akitaka kujua akili ya binadamu inaishia wapi katika kukokotoa bila kete kuguswa. Angefika kwetu angeongeza sura nyingine: yule aliyekaa mbele ya akili hiyo anaweza kuvumilia kwa muda gani.

Watetezi wake wana hoja moja nzito, nayo ni Butiama. Mwalimu Nyerere alipenda bao, na inasimuliwa kwamba akili za Kambarage zilionekana ubaoni kabla hazijaonekana daftarini, ndipo baba yake akashauriwa ampeleke shule. Mwaka 1934 akaingia Mwisenge, Musoma. Yaliyofuata mnayajua. Tangu hapo kila mpiga hesabu wa mkoa huu, akilaumiwa kwamba shamba lake la mihogo limemezwa na nyasi, anakutazama kwa jicho la Baba wa Taifa aliyecheleweshwa.

Kuna sifa nyingine ambayo sisi wachangamfu hatupendi itajwe. Haibi. Yule tunayempenda, mwenye hadithi tamu na kicheko kinachosikika hadi dukani, ndiye mwenye vidole vyepesi. Ukigeuka kumwita muuza kahawa, shimo lake limezaa. Mpiga hesabu hajawahi kuongeza kete wala kupunguza. Kosa lake ni kwamba siku alipofundishwa bao alizisikiliza kanuni zote, akaziamini, na miaka yote hii anazitii. Sisi tulizipokea kwa namna tulivyopokea katiba ya kikundi cha kuweka na kukopa: tulipiga makofi, tukaenda kula.

Wala hana upungufu wa ndugu duniani. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, wanacheza omweso, mashimo 32 na kete 64 vilevile, lakini kule kila mtu huzipanga kete zake apendavyo kabla mchezo haujaanza. Yaani mpiga hesabu wa Kampala anaweza kukushinda kabla hajakushinda. Mbali zaidi, Marekani, katika mji mwingine wa kando ya ziwa uitwao Lake Geneva, ulichapishwa mwaka 1974 mchezo wa Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Huko hakuna ubao wa kuteka. Watu hukaa mezani, kila mmoja hujitungia shujaa kwenye karatasi, mmoja wao husimamia hadithi, na bahati huamuliwa kwa dadu. Shujaa ana sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Kwa kanuni za siku hizi unaweza kupewa alama 27 za kununulia sifa hizo. Kila sifa inaanzia 8, na juu kabisa inanunuliwa hadi 15, kwa bei ya alama 9.

Mchezaji wa kawaida hununua kidogo hapa, kidogo pale, apate mtu. Mpiga hesabu wao anagawa 27 kwa 9, anapata 3, anashika penseli: nguvu 15, wepesi 15, ustahimilivu 15, akili 8, busara 8, mvuto 8. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Limezaliwa jitu linaloweza kumchinja joka lakini haliwezi kuomba maji ya kunywa kwa jirani. Kwetu mtu wa namna hiyo tunamtuma kushusha magunia, hatumtumi kuposa. Na wenzake mezani, waliokuja wakitaka hadithi, wanajikuta watazamaji wa hesabu za mtu mmoja, sawasawa na sisi chini ya mwembe.

Wengine hawakuishia hapo. Katika kanuni za mchezo huo za mwaka 2003 kuna kobold, kijitu chenye asili ya mjusi, dhaifu kiasi kwamba mashujaa wachanga humtumia kujifunzia kazi. Wapiga hesabu wakachambua vitabu, wakaunganisha uwezo wa ukurasa huu na wa ule, hatua kwa hatua, mpaka kobold mmoja akapata nguvu zisizo na kikomo. Wakamwita Pun-Pun. Hakuundwa ili achezwe. Aliundwa ili tujue kwamba anawezekana. Namheshimu sana kiumbe huyo. Nchi hii ina wanasheria wangapi waliosoma vifungu kwa mapenzi ya namna ile?

Msimamizi wa mchezo wa Lake Geneva ana ruhusa ya kusema hapana, mambo yakaisha. Chini ya mwembe hatuna msimamizi. Tuna benchi, na benchi ilikuwa na sheria moja tu: aliyefungwa anapisha. Kwa sheria hiyo mheshimiwa wetu alikuwa akikaa asubuhi na kuinuka ng'ombe wakirudi, sisi tukipita mbele yake mmoja mmoja, tukifungwa na kupisha, tukifungwa na kupisha. Ndipo tukafanya kikao bila yeye, tukatunga sheria mpya, tukajiona mafundi: atakayeshinda mara tatu mfululizo atawanunulia wote kahawa. Tulijua mkono wake ni mgumu. Ama angefilisika, ama angehamia mwembe mwingine.

Aliposomewa sheria hiyo hakunung'unika. Aliuliza jambo moja tu: mfululizo ukikatika, hesabu inaanza upya? Tukasema ndiyo. Akashinda mara ya kwanza. Akashinda mara ya pili. Mara ya tatu akaiacha nyumba yake wazi, akatakata, yaani akasogeza kete bila kuteka, pale alipopaswa kulinda, akafungwa na kijana ambaye hadi siku ile hakuwa amemfunga mtu yeyote mwenye ndevu. Benchi nzima ilisimama. Kijana alibebwa juu, akazungushwa mwembe, na kwa furaha aliyokuwa nayo akamwita muuza kahawa akatununulia sote, mpiga hesabu akiwemo. Alikunywa vikombe viwili.