Sifa za Breki Zinazokaribia Kushika

Anayetaka kumjua mcha Mungu wa kweli mkoani Manyara asiishie msikitini wala kanisani. Aende pia mlima Magara, kwenye njia ya Mbuyu wa Mjerumani kwenda Mbulu, amtazame dereva wa Land Rover ya zamani akishuka zile kona, nyuma kapakia mbaazi na juu ya mbaazi wamekaa abiria. Huyo anasali kwa mguu. Anakanyaga mara ya kwanza, pedali inazama bila jibu. Anakanyaga mara ya pili, kuna dalili. Mara ya tatu gari linaanza kulifikiria suala la kupunguza mwendo. Watu humwonea huruma, na hapo ndipo wanapokosea, kwani huyo kajaliwa breki dhaifu, neema ambayo mwenye gari jipya ataisikia kwa watu tu.

Erasmus aliusifu ujinga katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511, na karne nyingi kabla yake Lucian wa Samosata alimsifu nzi. Breki ya mkweche haijapata msemaji, ingawa imefundisha watu fizikia nyingi kuliko nzi.

Chukua huo mteremko wenyewe. Land Cruiser yenye mzigo, tani tatu kwa jumla, ikishuka mita 300 za wima, inabeba nguvu ambayo lazima iende mahali. Dereva akishuka kwa breki tupu, nguvu yote inaishia kuwa joto kwenye dramu na diski, na joto hilo lingeweza kuchemsha dumu la maji la lita 20 na chenji ikabaki. Mwenye breki kali hana habari na hesabu hiyo mpaka asikie harufu ya shuu zinazoungua. Mwenye breki dhaifu aliipiga zamani. Ndiyo maana juu kabisa, kabla pua ya gari haijainama, ameshaingiza gia ya pili, na pakiwa pabaya zaidi anaingiza ile gia nzito ya fowili, injini ivute nyuma na pedali ipumzike. Kwenye shule za udereva somo hilo hurudiwa mpaka linachosha. Kwake lilieleweka siku moja.

Tena ni mtu asiye na kesi. Tangu Rais John Magufuli alipofungua barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, mwezi Aprili 2018, vishawishi vimekuwa vingi. Zamani mashimo na makorongo ya njia ya Kondoa yalifanya kazi ya breki bila malipo. Siku hizi mtu anatoka Kolo akiwa na kilomita 80 kwa saa na hajisikii kama anakimbia, na mwendo ukitoka 40 ukafika 80, nguvu inayotakiwa kulisimamisha gari inakuwa mara nne. Bwana wetu anakwenda 40. Mabasi yamepanga foleni nyuma yake yakipiga honi, matusi yanapita dirishani, naye anapungia mkono. Trafiki mwenye tochi humwangalia akipita, kisha hurudi kivulini.

Lakini hizo ni sifa za juujuu. Fadhila kubwa ya breki dhaifu ni ukweli wake. Injini mbovu yaweza kumzungusha fundi wiki nzima. Breki hueleza kila kitu, na hueleza kupitia unyayo, mradi mtu aulize kwa utaratibu. Fundi mzoefu hapo Babati hashiki spana kwanza. Anaingia kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, anapampu pedali mara kadhaa mpaka inakuwa ngumu. Hapo anaendelea kuibana kwa mguu, kisha anawasha injini. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, busta ni nzima. Ikibaki ngumu vilevile, busta imechoka au haipati kinachoiwezesha kufanya kazi.

Na kinachoiwezesha kimejificha mahali ambapo wengi hawapaangalii. Busta hutaka kufyonzwa hewa. Injini ya petroli hufyonza yenyewe, ila za dizeli, kama zile za Land Cruiser zilizojaa mkoani, haziwezi kuifanya kazi hiyo peke yake, kwa hiyo hufungiwa pampu ndogo nyuma ya altaneta. Pampu ikilegea, au mpira wake ukipasuka, breki inakuwa ngumu na gari halisimami. Mwenye gari ananunua pedi mpya, ngumu vilevile. Ananunua nyingine za bei mbaya zaidi, ngumu vilevile. Maduka ya spea yanapata riziki, kumbe ugonjwa uko kwenye altaneta. Ni vigumu kutaja kasoro nyingine ya gari iliyotawanya fedha mjini kwa usawa namna hiyo.

Fundi haondoi mguu. Pedali ikiteremka polepole mpaka sakafuni na hakuna tone lililodondoka nje, basi raba za ndani ya masta silinda zinapitisha. Ikiwa laini na inadundadunda, kuna upepo kwenye mabomba. Ikienda chini mara ya kwanza na kupanda mara ya pili, mara nyingi shuu za nyuma zimeachana mno na dramu, zinataka kutaitiwa tu. Hiyo ndiyo tiba ya bei nafuu kuliko zote, na huenda ndiyo sababu haipendwi.

Kisha gari linapigwa jeki na dramu ya nyuma inafunguliwa. Ndani panang'aa, peusi na unyevu. Fundi anapitisha kidole, anasugua kati ya vidole viwili, ananusa. Ikiwa nzito yenye harufu kali ni oili ya difu, imetoroka kwenye sili ya ekseli. Ikiwa nyepesi ni breki fluidi, mkosaji ni silinda ya gurudumu. Zote mbili hulowesha shuu na kulifanya gari livute upande mmoja. Wapo wanaobadilisha shuu na kuiacha sili ileile. Hao wanawalisha wageni chakula kilichomwua mwenyeji.

Penye ucheshi zaidi ni kile kivalvu kilichofungwa upande wa nyuma wa Toyota nyingi za mizigo, chenye kifimbo kinachoshuka mpaka kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima bodi imekaa chini kiasi gani: ikishuka kwa mzigo, breki za nyuma zinapewa presha zaidi, ikiinuka, zinapunguziwa ili matairi yasijifunge gari likiwa tupu. Sasa msimu wa mbaazi unafika, mwenye gari anaongeza bapa za springi ili apakie zaidi, na nyuma ya gari inapanda juu. Hakuna aliyekumbuka kurekebisha kifimbo. Magunia kumi yamepangwa, watu wanne wamekaa juu yake, na kivalvu kinaapa kuwa gari halina kitu. Ripoti za namna hiyo zimeshasomwa kwenye mikutano mingi ya hadhara, ila zile haziui watu kwenye kona ya Magara.

Breki dhaifu zina adabu pia. Fluidi ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka. Ile ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinakubali ishuke hadi 140. Kwenye mteremko mrefu inachemka ndani ya silinda, mvuke unajitengeneza, na mvuke hubonyea. Pedali inakwenda sakafuni katikati ya mlima. Dereva akinusurika, anafika bondeni, chuma kinapoa, na akifika gereji breki ni nzima kabisa. Haziwezi kumwaibisha mwenye gari mbele ya fundi. Yeye naye, kwa kuwa ni mwungwana, anaangalia kikombe cha fluidi, anaona kimepungua, anaongeza kidogo na kukifunga. Funika kombe mwanaharamu apite. Wengine, fluidi ikikosekana, humimina oili ya injini, na raba zote za mfumo zinavimba kwa furaha.

Ajira nayo isisahaulike. Hendibreki ya Land Rover za zamani haishiki magurudumu. Ina dramu yake nyuma ya transfa, inayoshika propela shafti. Transfa ikivuja, nayo inaloa. Kwa sababu hiyo utingo wa Land Rover lazima awe na miguu ya mwanariadha na jicho la kuchagua mawe, ili gari linapotua kwenye mwinuko yeye awe ameshafika nyuma ya tairi. Wakati wa mvua, wakishavuka korongo, yeye ndiye humkumbusha dereva akanyage taratibu huku gari likitembea ili dramu zikauke, maana dramu huhifadhi maji na tope. Gari lenye breki nzuri lingemfanya mtu mwenye kipaji hicho awe mkata tiketi tu.

Hata hivyo hutokea mwenye gari akaishiwa uvumilivu. Anakubali gharama: raba za masta, silinda mbili za magurudumu, sili, fluidi mpya, upepo kutolewa kuanzia tairi la mbali zaidi, na kile kifimbo kusogezwa mahali pake. Jioni anatoka gereji akiwa na mguu uleule uliozoea kukanyaga mara tatu. Bajaji inakatiza mbele. Anakanyaga kwa nguvu zake zote, na gari linasimama papo hapo. Utingo anabusu dashibodi, trei la mayai la mama aliyeomba lifti linahamia kwenye kioo cha mbele. Mwenye gari anarudi kinyumenyume mpaka gereji, anatoa kichwa dirishani.

"Fundi, umeziharibu. Zinashika!"

Fundi anafuta mikono kwenye suruali. "Sasa bosi, wewe ulitaka zishike kiasi gani?"