Sifa Njema za Mtambo wa Kutambua Sura

Aprili 2017, mtu mmoja alinaswa na kamera akiiba bia katika duka la CVS jijini New York. Picha ilikuwa ya ukungu, na mtambo wa polisi wa kutambua sura haukuambulia jina hata moja. Mpelelezi mmoja akaona kwamba mwizi yule anafanana na Woody Harrelson, mwigizaji wa sinema. Basi ikatafutwa picha safi ya Harrelson, mtambo ukapewa, ukatoa orodha ya watu wanaofanana naye, na mmoja wao akakamatwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown waliianika habari hiyo mwaka 2019 kwa sauti ya lawama. Hawakuutendea haki mtambo. Ni askari gani mwenye damu na nyama ambaye, akiambiwa amsake mwizi kwa picha ya mtu mwingine kabisa, asingeguna?

Mtambo hauguni. Na juu ya utiifu huo una unyenyekevu ambao ni nadra kuukuta kituo cha polisi. Katika jimbo la Michigan, karatasi ya majibu yake ilionya kwa herufi kubwa kwamba huo ni mwanga wa upelelezi tu, si sababu ya kumkamata mtu. Mashine imejishusha, inaomba isiaminiwe. Lakini wako watu wenye moyo wa kuamini.

Januari 2020 polisi wa Detroit walimtia pingu mwanamume mmoja nje ya nyumba yake, mke na binti zake wadogo wakitazama. Mtambo ulikuwa umeichomoa picha yake ya zamani ya leseni ya udereva na kuioanisha na mwizi wa saa katika duka la Shinola, tukio la mwaka 2018. Ili haki itendeke, kulifanyika kwanza gwaride la utambulisho kwa picha. Shahidi aliyemchagua alikuwa mtu wa ulinzi wa maduka ambaye siku ya wizi hakuwapo. Yeye pia alikuwa ameitazama video tu. Mtuhumiwa alilala mahabusu, saa kama 30 kwa jumla. Katika chumba cha mahojiano walipomwonyesha picha ya mwizi, aliinyanyua akaiweka kando ya uso wake. Hawakufanana. Mpelelezi mmoja akakiri kwamba, yaelekea, kompyuta imekosea.

Hapo ndipo mtambo unapostahili shada la maua. Ulibeba lawama yote bila kujitetea. Hauna cheo cha kuvuliwa wala mshahara wa kukatwa.

Tena huwarudishia watu ujana wao. Mwaka 2023, huko huko Detroit, mwanamke mwenye mimba ya miezi minane alikamatwa kwa tuhuma za kupora gari, baada ya mtambo kuiteua picha yake iliyopigwa na polisi mwaka 2015. Tumbo la miezi minane si kitu cha kufichika, lakini mtambo hutazama sura.

Nao una upendo maalumu kwa Waafrika. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu 189 mwaka 2019 ikakuta kwamba nyingi huwafananisha kimakosa Waafrika na Waasia mara 10 hadi 100 zaidi ya wazungu. Wasomaji wa huku wasijione wametengwa: watu waliozaliwa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa walioongoza. Mkuu wa polisi wa Detroit wa wakati huo, James Craig, alisema wazi mwaka 2020 kwamba wakiutegemea mtambo peke yake, wasingetatua asilimia 95 hadi 97 ya kesi. Alikuwa akieleza kwa nini wanahitaji na macho ya binadamu. Macho hayo tumeshayaona kazini.

Ukoo wake nao si haba. Huko Aurora, Colorado, Agosti 2020, watoto walilazwa kifudifudi kwenye lami kwa sababu kamera ya kusoma namba za magari ililitaja gari la familia yao. Namba iliyokuwa ikisakwa ni ya pikipiki ya Montana. Chicago ilikodi maikrofoni za kusikiliza milio ya risasi. Mkaguzi wa jiji alipochunguza taarifa zaidi ya 50,000 za miezi 17, ni asilimia 9.1 tu zilizoishia kwenye ushahidi wa uhalifu wa bunduki. Maikrofoni hizo zilizimwa Septemba 2024.

Juni mwaka huo Detroit ilikubali kumlipa yule mwanamume wa saa dola 300,000, na kuahidi kwamba hakuna mtu atakayekamatwa kwa neno la mtambo pekee. Saa zilizoibwa zilikuwa tano, na thamani yake yote haikufika dola 4,000.