Sifa za Pedeli ya Tatu

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, na bibi harusi husifiwa hata na wasiomjua. Kazi ambayo haijapata msemaji ni ile ya kuling'oa gari kuukuu giaboksi yake ya otomatiki, tena nzima, na kulitia ya mkono. Leo nasimama hapa Nkoma, Mbale, mbele ya mafundi na majirani, niisemee. Najua wapo watakaocheka. Wacheke taratibu, fundi yuko chini ya gari.

Kwanza nasaba. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa Hydra-Matic, giaboksi inayojibadilishia gia yenyewe, ikaifunga kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Dereva akabakiwa na pedeli mbili, na mguu wa kushoto ukastaafishwa bila pensheni. Balaa hilo limetufikia kwa njia ya Japani: asubuhi tazama magari madogo yanayopita Nkoma, utaona madereva wengi mguu mmoja umekaa bure. Wanasiasa wanalia kila siku juu ya ukosefu wa ajira. Mwenye kubadili gia halii. Anakipa kiungo chake kazi ya kudumu, na siku ya foleni ya Mukono kinalipwa ovataimu ya maumivu.

Gari linalostahili heshima hii ni Mercedes-Benz W123, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1986, karibu milioni 2.7. Zilizobaki kwetu ni za kutunzwa, maana sheria ya 2018 iliyafungia mlango wa Uganda magari yaliyozidi miaka 15. Otomatiki yake ya gia nne, ukiibadilishia mafuta kwa wakati, yaweza kumzika mwenye gari. Hapo ndipo kosa lake lilipo: haimsumbui mtu. Mwenye gari lisilosumbua hana la kusimulia akikaa na wenzake jioni.

Wagisu huwatia vijana jandoni katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na msimu hufunguliwa Mutoto, si mbali na hapa. Gari nalo hukatwa mchana kweupe, umati ukitazama, na aliye karibu nalo ndiye anayepaswa kusimama bila kupepesa jicho, yaani mwenye pesa. Tofauti ni kwamba kijana humaliza shughuli kwa dakika chache. Gari laweza kukaa juu ya mawe mpaka mvua ya pili.

Na hukatwa nini? Sikiliza elimu inayopatikana. Otomatiki ikishashuka na toki konveta yake, bamba jembamba lililokuwa nyuma ya injini linaondoka, inaingia flaiwili nzito. Flaiwili isiposawazishwa, injini itatetemeka mpaka kioo cha kujitazamia kikuonyeshe pacha wako. Mwisho wa krenkshafti kunatakiwa beringi ndogo ya kushikilia ncha ya shafti ya giaboksi. Injini nyingi zilizozaliwa na otomatiki hazina beringi hiyo, na ukiisahau utaishusha giaboksi mara ya pili. Kisha zinafuata klachi pleti, presha pleti, beringi ya klachi, masta silinda juu, silinda ndogo chini, na kati yao bomba la mafuta ya breki. Propela shafti mara nyingi hugoma kwa urefu, hivyo hukatwa na kuchomelewa upya. Yale mabomba yaliyopeleka mafuta ya otomatiki kwenye rejeta yanazibwa. Mwishoni gari linakataa kuwaka, kwa sababu swichi ya zamani bado inangoja uliweke kwenye P, herufi ambayo haipo tena. Mtu aliyejua tundu la petroli tu sasa anajua matumbo yote ya gari lake. Chuo gani kinafundisha hivyo bila cheti?

Tazama pia ukarimu wake. Gari zima humlisha mtu mmoja, muuza petroli. Gari linalobadilishwa gia linamlisha fundi, msaidizi wa fundi, mchomeleaji, fundi wa lethi, na yule kijana ambaye kazi yake hamna anayeijua ila kila jioni anadai chai. Flaiwili haipatikani Mbale, basi utaifuata soko la Kisekka, Kampala: njia ya Tirinyi, Iganga, Jinja, msitu wa Mabira, na pale Najjembe kuku wa mshikaki na gonja wataingizwa dirishani kabla takisi haijasimama sawasawa. Utarudi na flaiwili isiyo yake, na utakwenda tena. Wauza kuku watakufahamu kwa sura. Kila ukifika gereji utaambiwa, "Mzee, bado kitu kidogo tu." Ni sentensi ya subira, na subira inajulikana inavuta nini, ingawa hapa kwanza inavuta mkopo.

Wapinzani wanasema mlimani utapata taabu. Ni kweli, lakini ukishuka kutoka Kapchorwa, gia ya pili inalishika gari na breki zinapumua. Wanasema tena kwamba otomatiki nayo ina gia ya chini ya kushukia. Hoja hiyo ni ya kweli, kwa hiyo tuiruke.

Ninayo hoja isiyorukika: kusukumwa. Pampu ya mafuta ya otomatiki nyingi inazungushwa na injini, basi betri ikifa unaweza kuyasukuma magurudumu kutoka Nkoma mpaka Jinja na injini isizinduke. Gari la gia za mkono lataka wanaume wanne, gia ya pili, na mguu uachie klachi kwa wakati. Linawaka, wanashangilia, unajua majina yao. Mwenye otomatiki yeye hupiga simu, akangoja ndani amefunga vioo.

Wanaotaka ushahidi wa historia, upo. Mashindano ya magari ya Safari yalianza 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, aliyashinda mara tano: 1973, kisha mfululizo 1979 hadi 1982, kila mara kwa gari la gia za mkono. Mwenye akili atasema ushindi ule ulikuwa wa Mehta, si wa pedeli. Mwenye akili hakualikwa kwenye hotuba hii.

Nimebakiza fadhila kuu, ya amani nyumbani. Shemeji anakuja Jumamosi kuazima gari aende nalo ukweni. Unampa ufunguo kwa moyo mkunjufu. Anafungua mlango, anaona pedeli tatu, anakumbuka kwamba takisi nazo zinafika. Hujamnyima, wala hajakasirika. Gharama yote ya flaiwili imerudi siku hiyo.

Basi wewe mwenye Mercedes ya baba, iliyotulia na isiyo na kosa, usikawie: mpe fundi. Ila giaboksi ya zamani usiiuze kama chuma chakavu. Ifute, ifunge kwa gunia, iweke chini ya kitanda. Siku utakapotaka kuliuza gari, mnunuzi atauliza kwanza kama ni otomatiki.