Sifa za Distributa Iliyochakaa

Distributa ni mtambo unaogawa umeme wa cheche kwa plagi za injini ya petroli. Mfumo wa betri, koili na pointi unaoitegemea uliasisiwa Marekani na Charles Kettering, ukafungwa kwenye Cadillac za mwaka 1910, na ukatawala magari kwa zaidi ya miaka 60. Ilipo mpya, kama ile ya Volkswagen Beetle ikitoka kiwandani, haina la kusimuliwa: inafanya kazi, basi. Iliyochakaa ndiyo yenye fadhila, na fadhila hizo zimenyamaziwa mno.

Iliyo kuu ni uhuru. Shafti ya distributa huzunguka mara moja kila krenkishafti inapozunguka mara mbili. Juu yake kuna kemu yenye pembe nne, na kila pembe hufungua pointi ili silinda moja ipate cheche. Bushi zikiwa nzima, silinda zote nne hutii saa moja, kidikteta, bila kuulizwa. Bushi zikilika, shafti huyumba. Nafasi ya pointi, ambayo kitabu kinataka iwe milimita 0.4, huwa pungufu kwa silinda hii na kuzidi kwa ile, na kila moja hujiamulia wakati wake wa kuwaka. Ya kwanza huwahi, ya nne huchelewa, ya tatu huomba mwongozo wa spika, ya pili haipigi kura. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 100 kila sekunde. Hayo ni maoni 100 huru kwa sekunde, na hakuna bunge lililowahi kuikaribia idadi hiyo. Milipuko inayosikika kwenye ekzosi ndiyo taarifa rasmi ya kikao.

Fadhila nyingine ni ndogo. Vizito vya kuwahisha cheche vikiganda, dereva hupanda mlima Kitonga kwa gia ya kwanza na kujuliana hali na watembea kwa miguu wanaompita. Kondensa ikifa, pointi huungua, na watoto wa muuza pointi hulipiwa ada. Kifuniko kikipata ufa, gari hupumzika msimu wote wa masika.

Kuibadilisha ile ya Beetle si kazi kubwa. Injini huzungushwa kwa spana kwenye puli mpaka alama ya puli ilingane na mshono wa bloku, na rota itazame mchirizi ulio kwenye ukingo wa distributa. Hapo silinda ya kwanza iko tayari. Waya wa betri hufunguliwa, waya za plagi hutiwa alama kwa mpangilio wa 1-4-3-2, nati ya klampu hutolewa, na distributa hung'oka kwa kuvutwa juu. Mpya haiwezi kuingia kinyume, kwa kuwa ulimi wake wa chini umekaa kando kidogo ya katikati. Wahandisi wa Volkswagen kule Wolfsburg waliuwazia kila upumbavu wa binadamu isipokuwa ule wa dukani.

Dukani upya una madaraja. Kuna orijino, orijino yenyewe na orijino kabisa, zote kutoka kreti moja, zikitofautiana kwa bei. Mteja akiitikisa shafti na kuiona inacheza kama jino la mtoto, huambiwa ndivyo zinavyokuja siku hizi. Hazikuja hivyo! Mwaka 1962 Volkswagen ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki, maelfu ya kilomita za vumbi na matope, na haikushinda kwa takataka ya kwenye boksi lenye nembo inayong'aa. Fundi naye ana fungu lake. Kabla ya kuigusa distributa huwa ameshafungua kabureta, akailipisha, akaifungua tena, kisha akabadilisha plagi, koili na pampu ya petroli, kila kimoja kwa kiapo kilekile kwamba ugonjwa umepatikana. Kuitikisa rota kwa vidole viwili kungechukua nusu dakika, na nusu dakika haina bei.

Ikishafungwa mpya na betri kurudishiwa waya, taimingi hupangwa. Kwa injini ya cc 1,500 ya miaka ya 1960 alama ni digrii 7.5 kabla ya pistoni kufika kileleni. Swichi huwashwa, taa ya majaribio huunganishwa kati ya waya wa koili unaokwenda kwenye pointi na bodi ya gari, na distributa huzungushwa polepole mpaka taa iwake, yaani pointi zinapoanza kuachana. Hapo nati hukazwa. Pointi hupimwa tena baada ya safari za mwanzo, maana kipande cha fiba kinachosugua kemu hulika, nafasi ikapungua na cheche ikachelewa.

Distributa kuukuu haitupwi. Fundi huiomba kwa upole, eti ya chuma chakavu. Huoshwa kwa petroli, hupigwa msasa, hupakwa rangi ya fedha na kutafutiwa boksi, kisha hupelekwa kwa muuza spea, ambako hupandishwa cheo moja kwa moja kuwa orijino kabisa.