Kwenda Pangani Bila Kufiwa

Wanaume sita waliubeba, na mimi sikuwa mmoja wao. Hilo bado linaniuma. Ubao ni wangu, fedha ya kuuchongesha ni yangu, lakini kutoka kwenye buti la basi la Handeni hadi katikati ya stendi ya Korogwe ulipita juu ya mabega ya watu nisiowajua. Mimi nilikuwa nimeshikwa mkono na mzee mmoja wa kanzu, ananipapasa mgongoni na kuniambia, "Jikaze mwanangu. Mwanaume hulilia ndani."

Ulikuwa ubao wa kutelezea kwenye mawimbi. Fundi seremala wa Chanika aliuchonga kwa mtiki, umenizidi kimo kidogo, umechongoka kichwani, umepanuka mabegani, umebana miguuni. Nilipomwomba anipime alinipima kimo, akapima mabega, akaandika ukutani kwa penseli, kisha akanitazama. "Kwa kawaida," alisema, "ninaowapima hivi huwa hawasimami." Kuhusu uimara alinitoa wasiwasi kabisa: mchwa hawatauona. Hata ukikaa ardhini? "Hasa ukikaa ardhini." Vanishi ilipokauka, mkewe aliuzungushia shuka jeupe na kuufunga kamba kichwani, kiunoni na miguuni, usije ukakwaruzwa njiani.

Basi lilipoingia Korogwe, konda alitoa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwa konda yeyote: "Jamani wapisheni, kuna mwenzetu." Wapiga debe wakanyamaza. Muuza mayai alivua kofia. Kabla sijashuka ngazi ya mwisho, buti lilikuwa limeshafunguliwa na ubao uko mabegani, kila mwanaume anataka kuweka bega lake hatua chache apate thawabu.

"Ni nani kwako?" aliuliza mzee.

"Ni ubao, mzee wangu."

"Sote ni ubao, mwanangu. Roho ikishatoka kinabaki nini?"

"Nimeuleta kwa rafiki yangu hapa. Tunakwenda nao Pangani, baharini."

Akawageukia watu. "Atazikwa Pangani!"

Muuza machungwa alishangaa marehemu alivyokonda. Mwenzake akamwambia maradhi ya siku hizi hayamwachii mtu nyama. Kofia ya muuza mayai ikaanza kuzunguka, zikaingia noti na sarafu. Nikapaza sauti kwamba hakuna aliyekufa. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma na kuagiza, "Anaweweseka huyu, mpeni maji." Nikapewa maji. Nikayanywa, kwa sababu jua lilikuwa kali na maji ya bure hayakataliwi.

Ukweli ulifichuliwa na utingo wa basi la Tanga. Yeye hakuwa na neno na msiba. Alitaka kuona kibali cha kusafirisha mwili. Nilipokosa kibali akafungua fundo la kichwani. Ikachomoza ncha ya mtiki inayong'aa, na juu yake kasa wa rangi ya kijani, aliyechorwa na fundi kwa hiari yake.

"Humu hamna mtu?"

"Hamna."

"Katoka?"

"Hajawahi kuwemo."

Sijapata kuona watu wakisikitika kiasi kile kwa habari kwamba hakuna aliyekufa. Kisha huzuni ikageuka hasira, na hasira ikaidai kofia. Hapo nikajifunza hesabu mpya: kofia iliyokuwa na elfu kumi na nane ilidaiwa elfu thelathini na kitu, kwa kuwa waliochanga walikuwa wachache na waliokumbuka kwamba walichanga walikuwa wengi. Nililipa pengo hilo mfukoni mwangu, mbele ya mzee, aliyekuwa amekwishauachia mkono wangu. Aliniuliza swali moja tu kabla ya kwenda zake: "Sasa kama hujafiwa, Pangani unakwendea nini?"

Nikamwambia, kucheza. Nadhani angenielewa zaidi kama ningemwambia nimeua.

Huku kwetu safari lazima iwe na sababu, na sababu zinajulikana. Kuna msiba, harusi, ugonjwa, shule, kesi, mahindi na mbuzi. Mtu akionekana stendi na mzigo mkubwa, watu huupitisha mzigo ule kwenye orodha hiyo hadi upate mahali pake. Wangu ulipata mahali pake haraka sana. Mwenye makosa ni orodha, si watu wa Korogwe.

Na si kwamba bahari iko mbali. Pangani ipo mashariki ya Handeni, sawasawa kabisa. Kunguru akiliendea jua linakochomoza, baada ya kilomita kama mia moja atatua kwenye minazi. Abiria asiye na mabawa hupanda kwanza kaskazini hadi Korogwe, akashuka Segera, akapita Hale na Muheza, ndipo aanze kunusa chumvi. Wapo watu wazima wa Handeni waliofika Arusha na Mwanza ambao miguu yao haijawahi kuguswa na maji ya bahari ya mkoa wao wenyewe.

Wazo lenyewe lilitokana na picha. Mwezi Julai 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, Mbrazili Gabriel Medina alipigwa picha akiwa hewani juu ya bahari, amesimama wima, kidole kimoja juu, na ubao wake umesimama wima pembeni yake. Wafaransa walikuwa wameyapeleka mashindano ya kutelezea mawimbi Teahupo'o, kisiwani Tahiti, zaidi ya kilomita elfu kumi na tano kutoka Paris. Mimi na wenzangu tukasema, kama Mfaransa anaifuata bahari umbali wote huo, sisi tunashindwaje kuifuata hii iliyo nyuma ya Muheza?

Tukaunda kamati, na kamati ikakwama kwenye tarehe. Mtu wa bara hupanga tarehe kwa mshahara. Baharini tarehe hupangwa na mwezi, ule wa angani, na tangu nilipoanza kulifuatilia jambo hili sijalala vizuri.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, lakini si ndani ya saa ishirini na nne. Yanahitaji dakika kama hamsini zaidi. Dakika hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwa mwezi, ambao nao uko safarini. Dunia ikimaliza kujizungusha mara moja, inakuta mwezi umeshasogea mbele, nayo inalazimika kuongeza mzunguko kidogo ili iufikie. Ndiyo maana maji yakijaa leo saa nne asubuhi, kesho yatajaa karibu saa tano. Jua nalo huvuta, ila nguvu yake haifikii nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, wote wawili huvuta kwenye mstari mmoja, likaja bamvua: kwenye pwani ya Tanga tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Mita nne ni zaidi ya ukuta wa nyumba yangu hadi kwenye kenchi, na maji hayo huja na kuondoka bila pampu, bila dizeli, bila ankara. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja huvutia kwake, bahari ikapoa, na wavuvi huiita hali hiyo maji mafu. Mvuvi wa Pangani haangalii saa. Akijua leo ni mwezi ngapi mwandamo, anajua ngalawa yake itaelea wakati gani. Husemwa Tanga ni waja leo waondoka leo. Aliyesema nadhani alikuwa akiyaangalia maji.

Wimbi nalo lina maajabu yake. Upepo mkali wa mbali kusini mwa Bahari ya Hindi ukivuma kwa muda juu ya maji mapana, huzaa mafungu ya mawimbi yanayosafiri maelfu ya kilomita. Lakini maji yenyewe karibu hayasafiri. Ukishika ncha ya kamba ukaitikisa, tuta hukimbia hadi mwisho na kamba inabaki mkononi. Ndivyo lilivyo wimbi. Likifika penye kina kifupi, chini linakwama, juu bado lina haraka, na kina kinapobaki kuzidi urefu wake kidogo tu, linapinduka. Mtelezaji anatafuta sekunde hizo chache za kupinduka. Teahupo'o panaogopwa kwa sababu bahari yenye kina kirefu inakutana ghafla na mwamba, na wimbi linafika bado na nguvu zake zote.

Na Pangani? Mbele ya pwani ya Tanga amejilaza Pemba, kisiwa chenye urefu wa zaidi ya kilomita sitini. Kusini yupo Unguja, na huku karibu ipo miamba ya matumbawe. Wimbi linalotoka mbali, hadi lifike ufukwe wa Ushongo hapo Pangani, limeshahojiwa na kila mtu. Kinachobaki ni vijiwimbi vya upepo wa kusi.

Niliyaeleza yote haya kwenye kikao cha kamati, kwa mchoro. Mweka hazina aliinua mkono. "Kwa hiyo mawimbi hakuna?"

Tukahamia kwenye kupiga hema, ambako mawimbi si ya lazima. Tulichagua Maziwe, kisiwa kilicho mbele ya Pangani, eneo la hifadhi tangu mwaka 1975, chenye mchanga mweupe na matumbawe pande zote. Tukachagua na mwezi mpevu, tupate mwanga wa bure. Mjomba wa mweka hazina, mvuvi, alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatuuliza kama tunajua kuelea tukiwa usingizini. Maziwe zamani ilikuwa na miti. Miti ikaondoka, udongo ukaifuata, na sasa ni fungu la mchanga ambalo bamvua likijaa halionekani. Kasa wanaotaga pale, mayai yao huhamishiwa Ushongo yasizame. Yai la kasa lina watu wa kulihamisha. Kamati yetu haikuwa nao.

Hema la kuazima lilikuja bila nguzo. Mpishi alijitoa, akasema ameota. Mwenye pikipiki ameuza pikipiki.

Kizuizi kikubwa kuliko hivyo vyote ni kwamba hakuna kati yetu anayejua kuogelea, na hapo kicheko kinaniisha. Mtu wa Handeni angejifunzia wapi? Lamboni tunagawana na ng'ombe. Korogwe kuna mto, na mtoni kuna mamba. Nyumbani kuna ndoo, na ndoo hiyo wakati wa kiangazi nainunua kwenye mkokoteni kwa bei ambayo muuzaji anaamua akiuangalia uso wangu. Mto Pangani unabeba maji ya Kilimanjaro na Meru, unapumzika bwawani Nyumba ya Mungu, unapita Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme Hale na chini yake kwenye maporomoko, kisha unamwagikia baharini mchana na usiku. Handeni ililetewa bomba kutoka mto huo miaka ya 1970. Siku hizi kuna mradi mkubwa wa miji 28, wa mkopo kutoka India, nao umezitaja Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani pamoja. Nauombea heri. Lakini wapo mabinti waliozeeka na ndoo kichwani wakisubiri mradi ulioutangulia, na mtu aliyehesabu maji kwa vikombe tangu utotoni akisema anakwenda kuyachezea, wenzake wana haki ya kuuliza nani amekufa.

Safari bado ipo. Tumeihamishia Ushongo, nchi kavu, kwenye maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Anayetaka kuja aje na mkeka, chandarua, maji ya kunywa na nguzo za hema kama anazo. Ubao nitaufunika kwa turubai la bluu. Njiani ukiulizwa unakwenda kufanya nini, usiseme kupumzika, utatuchelewesha. Sema unafuata nazi, na bei ya jumla uwe nayo kichwani, kwa sababu lazima wataiuliza.