Adabu za Nuru Chumbani
Mafundi wa picha za faraghani wametuusia, na wasia wao una hekima, kwamba bibi atakaye sura yake idumu akae ubavuni mwa dirisha, nuru imwangukie upande mmoja kupitia pazia jepesi, kidevu akiinamishe kidogo na mgongo aupinde kwa madaha, wala taa ya darini isiwashwe, kwani huchimba vivuli chini ya macho.

Alhamdulillahi, adabu hizo zimekwisha kutimizwa Rubaya, huko Masisi mashariki mwa Kongo, ambako mchimbaji wa koltani huingia shimoni na taa moja ya kipajini, mgongo ameupinda na kidevu kimegusa kifua, kama walivyofanya wenziwe wa Bisie, huko Walikale, walipochimba mawe ya bati miaka ya 2000. Koltani hutoa tantalumu ya vihifadhi vidogo vya umeme ndani ya simu na kamera, na bati huwa lehemu ya kuviunganisha. Basi pasipo migongo ile, huu wa chumbani ungelipindwa bure mbele ya ukuta. Tofauti iliyobaki ni hafifu: bibi huulizwa ni upande gani umpendezao, ilhali mchimbaji, ajapo mgeni na kamera, hupendeza zaidi akiwa na tope.