Tiketi Imefungwa, Pampu Haitoi Maji

Sisi tunaofanya kazi na mashirika huku Turkana tuna ugonjwa wetu usio na chanjo: kila mfadhili mpya huja na programu yake ya kusimamia kazi. Aliyepita alitaka tuandike kila kitu kwenye kadi za rangi. Aliyemfuata akasema kadi ni za watoto, tuhamie kwenye tiketi. Huyu wa sasa anapenda mistari mirefu inayoonyesha kazi itaanza tarehe gani na kuisha tarehe gani, utadhani mimi ndiye ninayeamua laga ya Kawalase, huo mto wa msimu, ijae lini. Na tukihama, hatuhami na mizigo yetu. Kumbukumbu za visima tulivyovihangaikia zimebaki kwenye akaunti ya mfadhili aliyekwenda zake, na nenosiri amekwenda nalo.

Kazi yenyewe haina siri. Ofisi iko Lodwar, mafundi wako Kakuma, kilomita 120 hivi juu ya barabara ya A1, na visima vimetapakaa huko katikati na pembeni. Pampu ikiharibika, mtu aseme. Akisema, fundi aende. Akienda, maji yatoke. Basi.

Lakini tuliitiwa semina. Kwa kuwa nililazimishwa kuketi kutwa nzima kwenye ukumbi wenye feni moja, na hiyo feni inamtazama mkufunzi, nanyi wasomaji mtavumilia kusikia nilichokipata. Programu hizi hazikuzaliwa kwa ajili ya visima. Nyingi zilizaliwa kwa ajili ya watu wanaotengeneza programu nyingine. Bugzilla ilitoka 1998 kwa watu wa Mozilla, ili hitilafu ikionekana isisahaulike: inafunguliwa faili, inapewa nambari, inapewa mwenyewe, na haifungwi mpaka ishughulikiwe. Mwaka wa 2002 Atlassian ya Australia ikaleta Jira, nayo ikaongeza hatua, idhini na vijisanduku vya kujaza. Redmine, ambayo hulipii hata senti, ikaja 2006. Halafu 2011 ikaja Trello, ikafagia karibu hayo yote na kubakiza kadi unazozisogeza kutoka safu hadi safu, mtindo ambao akina Taiichi Ohno walikuwa wakiutumia kwenye viwanda vya Toyota miongo mingi kabla. Atlassian waliipenda hadi wakainunua 2017 kwa dola milioni 425. Kwa hela hizo Turkana nzima ingeoga mara mbili kwa siku, na mbuzi wakapewa sabuni.

Zikiwa kwao, sina ugomvi nazo. Kule Loropio, kando ya Ziwa Turkana, kuna kampasi ya Startup Lions iliyochorwa na Francis Kéré, yule msanifu mzaliwa wa Burkina Faso aliyepata tuzo ya Pritzker 2022. Ina minara mirefu ya kutolea hewa ya moto, wazo lililoazimwa kwenye vichuguu vya mchwa, na ndani yake vijana wanafunzwa kazi za dijitali. Hao wakitumia Jira nitawapigia makofi. Hitilafu yao iko ndani ya tarakilishi ileile wanayoandikia kwamba kuna hitilafu. Yangu iko chini ya ardhi, mita kadhaa, na juu yake amesimama mama na mitungi minne ananitazama.

Tuanze na safu. Programu nyingi za aina hii, uzilipie au usizilipie, hukupa safu tatu za kuanzia: ya kufanywa, inayofanywa, iliyokamilika. Mtu wa Nairobi akiziona anafurahi, maana maisha yake yako hivyo. Sasa nisaidieni. Fundi amefika, amefungua pampu, amekuta raba ya pistoni imelika, na raba nyingine iko Kitale. Hiyo ni kazi inayofanywa? Hakuna anayefanya chochote, fundi amelala chini ya mti. Ni kazi ya kufanywa? Mbona ilishaanza? Raba ikanunuliwa, ikapandishwa basi, basi likakwama kwenye laga. Tuiweke wapi? Kijana wetu wa ufuatiliaji na tathmini, ambaye ni mtaratibu kupita kiasi, akatuongezea safu: "inasubiri kipuri". Baadaye "inasubiri basi". Baadaye "inasubiri laga ishuke". Ubao ukawa mpana kiasi kwamba kwenye simu unavuta kwa kidole mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini.

Na kuna hali moja ambayo hakuna programu duniani imeifikiria. Tulifika kwenye kisima fulani na vipuri vyote, tukiwa tumejaa fahari, tukakuta vumbi, alama za kwato na jivu la moto uliozimwa zamani. Wenyewe wamehama. Malisho yaliisha, wakafuata mifugo, na haki yao kabisa. Pampu ikatengenezwa, ikatoa maji safi, hakuna wa kuyanywa ila sisi na dereva. Kwenye mfumo tukaandika imekamilika, ikageuka kijani, na Nairobi wakatuma kidole gumba. Wiki hiyohiyo, watu walewale walikuwa wamepiga kambi karibu na kisima kingine, na hicho kikazidiwa na idadi kikafa. Kwenye mfumo hicho kilikuwa kizima, maana hakuna aliyekuwa ameandika.

Mtauliza, kwa nini hawakuandika? Kwa sababu mfumo unataka kichwa cha tatizo kwa maneno machache, nao wazee wetu hawazungumzi kwa maneno machache. Mwenyekiti wa kamati ya maji hutuma sauti kwa WhatsApp. Anaanza na ejok, ejok, ejok noi, kwako na kwa nyumba yako. Anauliza hali ya Lodwar. Anaeleza kwamba ngamia mmoja amepata upele lakini anaendelea vizuri, kwamba mvua ilionekana upande wa Uganda ikabaki hukohuko, kwamba kijana wa ndugu yake anatafuta kazi na kama ofisi ina nafasi ya ulinzi asisahauliwe. Pale mwisho kabisa, kidole kikiwa kinaondoka kwenye kitufe, anasema: "Na ile pampu ilikufa tangu Jumapili." Hakuna kijisanduku cha kuweka ripoti ya aina hiyo. Lakini ukiisikiliza hadi mwisho utajua mifugo iko wapi, watu wanaelekea upande gani, na kisima gani kitafuata kuharibika. Niambieni ni kijisanduku gani cha dola kinachokwambia hayo.

Nimetaja dola. Programu nyingi kubwa hutoza kwa kichwa, kila mwezi, na za bure nazo zina mpaka. Jira kwa mfano ni bure kwa watu 10. Yetu haikuwa hiyo, ila nayo ilikuwa na mpaka wake, na sisi tuliuzidi. Ofisi ikaketi kikao kuamua nani aachwe nje. Wakaachwa vijana wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma wanaolipwa posho, ambao ndio hasa hushika spana, na akaachwa dereva. Akaingizwa mhasibu, akaingizwa afisa wa mawasiliano, na akaingizwa mkurugenzi aliye Nairobi ambaye hajawahi kufungua hata mara moja.

Dereva! Mtu anayepita kwenye kila kisima, anayejua ni mfereji gani unavuja na ni mlinzi gani anaficha ufunguo. Siku ya semina alikuwa amekaa nyuma, na ndiye peke yake aliyeuliza swali la maana.

"Madam, nikiivuta hii kadi mpaka upande wa kulia, maji yanatoka?"

"Hapana mzee. Unaivuta maji yakishatoka."

"Yakishatoka mimi niko njiani narudi Lodwar. Niivute na nini, na mikono iko kwenye usukani?"

Mkufunzi akacheka, akasema swali zuri, akaenda kwenye slaidi iliyofuata.

Kakuma penyewe mambo ni ya ziada. Kambi ilifunguliwa 1992, makazi ya Kalobeyei yakaongezwa jirani 2016, na katika miaka yote hiyo mashirika yamekuja yakajaa, kila moja na mfumo wake. Mfereji mmoja ukipasuka, kwa jirani zetu ni kadi, kwetu ni tiketi, kwa wale wengine ni mstari kwenye Excel. Kisha tunakutana kwenye mkutano wa uratibu kulinganisha ni nani ana rekodi sahihi. Mama anayekinga maji pale hajui kwamba mfereji wake ni maarufu kiasi hicho.

Suala la mtandao sitalisema sana, mnalijua. Ukitoka tu nje ya mji, minara inakuaga. Kishikwambi nacho kikikaa juani kwa muda kinakuandikia kwamba kimepata joto, kinazima skrini, na unakifunika kwa leso kama mtoto mwenye homa. Ndiyo maana nikisikia watu wakilinganisha programu kwa uzuri wa rangi, huwa nauliza swali moja tu: inaandika bila mtandao? KoboToolbox, iliyokuzwa na watu wa masuala ya kibinadamu wa Harvard juu ya msingi wa ODK, programu nyingine ya fomu, inaandika. Unajaza fomu jangwani, simu inahifadhi, ukifika penye mtandao inatuma. Si programu ya kusimamia kazi, haina kadi wala mistari, na hiyo kwangu ni sifa. Redmine nayo unaweza kuiweka kwenye tarakilishi ya ofisi yako mwenyewe, ikakaa Lodwar na isimtegemee mtu wa ng'ambo, mradi uwe na kijana wa kuitunza na umeme usiokatika. Nusu ya sharti hilo tunayo. Wale waliokuwa na Jira ya kuwekwa ofisini waliambiwa huduma ya toleo hilo inafungwa Februari 2024, wahamie mtandaoni au wapande daraja la bei ya juu.

Sasa linganisheni na pampu. Afridev, ambayo sehemu kubwa ya majaribio yake yalifanywa papa hapa Kenya, huko Kwale, miaka ya 1980, iliundwa makusudi ili mwanakijiji aifungue kwa spana moja na kifaa cha kunasia vyuma vilivyoangukia ndani. Spana moja! Waliokaa kuichora walijiuliza ni nani atakayeishika ikiharibika. Programu ya kuripoti kwamba imeharibika ina mwongozo mnene kuliko mkono wa pampu yenyewe.

Na msidhani nachukia teknolojia. Kule Kyuso, Kitui, watafiti wa Oxford walifunga kifaa kidogo ndani ya mkono wa pampu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Watu wakipampu, kinahesabu na kutuma ujumbe. Kikinyamaza, fundi anajua kuna jambo. Hapakuwa na fomu, wala nenosiri, wala mhasibu kwenye orodha. Muda wa kutengeneza pampu uliteremka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Mpango wa Kenya RAPID nao ukafunga vihisi kwenye visima vya mota katika kaunti kame, Turkana ikiwemo. Lakini Kitui walikuwa na kitu ambacho waonyesha-slaidi hukipita mbio: kikosi cha mafundi wenye pikipiki, vipuri na mshahara wa kazi hiyo. Kutokana na kazi hiyo kukaja FundiFix, ambayo ilihudumia pampu Kitui na Kwale. Kifaa kilisema, na aliyeambiwa alikuwa na raba mkononi.

Kwetu huambiwa watu tisa ambao hawana raba. Kila mmoja anapokea barua pepe kwamba tiketi imechelewa, kila mmoja anaipandisha daraja kuwa "dharura", na kwa kuwa zote sasa ni dharura, tunarudi kwenye kikundi cha WhatsApp kuulizana ipi ni dharura ya kweli.

Hukumu yangu basi, kwa atakayeitaka. Kama mnaandika programu, chukueni Jira na Mungu awasaidie. Kama ni timu ndogo yenye mtandao wa uhakika na mambo machache, kadi za Trello zinatosha, na msiongeze safu. Kama mna fundi wa tarakilishi anayekaa, Redmine. Kama kazi yenu iko nje ya mji, Kobo kwenye simu, daftari la jalada gumu kwenye gari, na WhatsApp kwa wazee, kukiwa na mtu mmoja anayelipwa kusikiliza sauti hizo hadi mwisho.

Nawe mfadhili unayekuja na programu ya nne, karibu Lodwar, ila kabla ya kulipa hizo akaunti za mwaka, panda gari letu ukae mbele na dereva hadi Kakuma, umuulize ni visima vingapi vimekufa leo na vinataka nini. Atakutajia vyote kabla hamjafika nusu ya njia. Kisha hela hizo zinunulie raba.